Mwenye Nyumba Yuko Shamba

Nikifika mji mgeni huwa naangalia mabati kabla sijaangalia watu. Ni tabia mbaya na sijaiacha. Nilipohamishiwa Masasi, muuguzi mwenye begi moja na godoro lililofungwa kwa kamba, sikuuliza soko liko wapi wala kanisa liko wapi. Niliuliza chumba kimoja mtaa wa Mkomaindo ni shilingi ngapi. Dalali aliponitajia bei nikamwuliza kama ananipangisha au ananiuzia. Dari hakuna, choo cha kuchangia, kupika ni barazani. Akacheka.

"Sista, hapa ni karibu na hospitali. Manesi wanapanga, wanafunzi wanapanga, mwenye mgonjwa wake anapanga. Chumba cha hapa hakikai wazi."

Nililipa miezi sita kama alivyotaka mwenye nyumba, na kila nilipofagia kile chumba nilipiga hesabu ya ua mzima. Mwenye nyumba alikuwa akija kukagua. Tulimfutia kiti vumbi, akakaa, tukamwamkia shikamoo mmoja mmoja, hata wale waliomzidi umri, naye akaitikia huku akitazama kama tumevunja kioo cha dirisha. Kijana mdogo tu, hata mvi hana. Nilimwonea wivu hadi nikajishangaa.

Lazima niseme nilikotoka, ingawa hakunisaidii kitu. Kwetu Kilimanjaro, kwenye ukoo wetu, mtoto wa kike hapewi kihamba, shamba la ukoo. Siku baba alipowagawia kaka zangu, mimi nilikuwa jikoni napika cha kuwalisha. Nilichungulia dirishani nikawaona wanachomeka miche ya masale kwenye mipaka, huyu mwisho wake hapa, yule pale, na mdogo wetu wa mwisho, ambaye nilimbeba mgongoni mpaka kiuno kikaniuma, akapewa nyumba ya baba yenyewe. Nikamwuliza mama, na mimi je? Akasema mimi nitapata kwa mume. Mume nilimpata, naye akapata mwingine. Nikabaki na cheti cha uuguzi na hasira, na vyote viwili nimevitunza vizuri hadi leo.

Nikaapa nitakuwa na nyumba yangu kabla sijazeeka, na si moja ya kulala, ila ya kupangisha. Nikajiunga na kundi la simu la watu wanaotaka kutajirika kwa majengo. Kiongozi wake alikuwa bwana mmoja wa Dar es Salaam aliyetutumia ujumbe wa sauti kila asubuhi, sauti ya mtu aliyeshiba. Alitufundisha kununua ardhi kwa mkopo wa mshahara, kuanza na vyumba viwili halafu kodi ya hivyo ijenge vingine, kutolipa fundi pesa yote mapema. Mengi yalikuwa na akili na mpaka leo nayafuata. Lakini kubwa lake lilikuwa hili: usitafute kiwanja, tafuta muuzaji mwenye shida. Mwenye shida hakai kubishana bei. Nilimsikiliza nikiwa nachemsha chai, nikasema kweli kabisa, na sikukumbuka kwamba kutwa nzima kazi yangu mimi ni watu wenye shida.

Benki wakanipa mkopo. Pesa ikaingia, makato yakaanza kwenye mshahara, na kiwanja sina. Mkomaindo kila nilichokiona kilikuwa kimenizidi uwezo. Mtu asiyewahi kukatwa mkopo ambao hajautumia hawezi kujua ile homa. Nilikuwa nikiamka nahisi nimeibiwa.

Ndipo nikapelekwa Newala kusaidia kwenye chanjo.

Newala iko juu ukingoni. Ukisimama nyuma ya ofisi za serikali unaliona bonde la mto Ruvuma chini kule, na maji yake, nawe huku juu huna ya kunawia. Watu wananunua maji kwa dumu. Kila nyumba ya maana ina mifereji kwenye bati, mvua inashuka mpaka kwenye kisima kilichochimbwa chini ya ua, kikasakafiwa, kikafunikwa, kikatiwa kufuli. Mtumishi akihamia kule haulizi nyumba ina vyumba vingapi. Anauliza kisima chake kinafika mwezi gani. Mwenzetu mmoja wa idara ya ardhi alinihesabia kodi anayolipa kwa sababu tu ya kisima, na mimi ile homa yangu ikashuka palepale. Nikaona njia. Kuchimba kisima kipya ni gharama, nikasema, basi mimi nitanunua penye kisima tayari.

Dereva wa bodaboda aliyekuwa akinizungusha kwenye chanjo alikuwa anajua kila ua. Akanipeleka mahali. Nyumba ya zamani lakini imara, bati zuri, ua mpana ambao nusu yake imekaa bure, na katikati ya ile nusu, kisima. Kikubwa. Nilikitazama kile kisima kama wengine wanavyotazama gari. Ng'ambo ya uzio mama mmoja jirani alikuwa anaanika muhogo. Nikamwamkia, nikamwuliza mwenye nyumba yupo?

"Mwenye nyumba yuko shamba," akasema. "Korosho zimeanza kuanguka. Yupo baba tu."

"Baba ananitosha," nikasema, na nikabisha hodi.

Nataka hili lieleweke: niliambiwa. Hakunificha mtu. Nilikuwa nimekaa kusini muda wa kutosha kujua kwamba huku watu hufuata upande wa mama, kwamba mume ndiye anayehamia kwa mke, kwamba mtoto akiwa na jambo anaulizwa mjomba wake. Manesi wenzangu wa Kimakonde na Kimakua walikuwa wakinitania: nyie kwenu mnauzwa kwa mbege, sisi kwetu mwanaume anakuja na begi lake. Nilicheka nao. Nilidhani ni mila za harusi na ngoma, hazihusiani na biashara.

Yule baba alikuwa dereva mstaafu wa malori, mzee wa rika la baba yangu, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, redio ndogo kando yake. Nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetembea na jua lote hili?"

Akaniangalia miguu, vumbi jekundu hadi kwenye vigimbi. Akanyanyuka, akafungua kufuli ya kisima, akateremsha ndoo. Nilisikia kamba inakwenda, inakwenda, kabla ndoo haijagusa maji. Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, kisima kimebaki chini kabisa. Akanimiminia kwenye beseni ninawe miguu, kisha akanipa ya kunywa kwenye bilauri. Mama jirani alituangalia kutoka ng'ambo ya uzio. Mimi niliona ukarimu wa kawaida, nikanawa mpaka magotini.

Tukaongea. Mzee alikuwa anapenda kuongea na hakuwa na mtu wa kuongea naye. Haikuchukua muda shida ikatoka yenyewe, bila hata mimi kuichokonoa: binti wa dada yake alikuwa amepata nafasi chuoni na ada haijapatikana. Nikamwuliza, baba yake huyo binti hayupo? Akaniangalia kwa upole.

"Yupo. Lakini mjomba ni mimi."

Nikatikisa kichwa kama nimeelewa. Nilichokielewa ni kwamba nimepata muuzaji mwenye shida.

Nikamwambia ninataka ile nusu iliyokaa bure, upande wa kisima, na bei nikaitaja. Haikuwa bei ya kumdhulumu. Hilo nilijitahidi nisilifanye, na ndilo nililokuwa nikijifariji nalo baadaye. Akasema si neno baya, ila tungoje. Mama watoto atoke shamba, kaka yake aitwe, wakae.

"Hapa hatuuzi hivihivi, mwanangu."

Nikarudi tena wiki hiyo nikiwa na sukari. Akanipokea vizuri, akarudia lile lile, tungoje. Nikamweleza mipango: nyumba ya familia mbili, watumishi wa serikali, choo cha ndani, na yeye atakuwa jirani yao, hatakosa maji wala mtu wa kuzungumza naye. Akasikiliza kwa furaha kabisa. Tungoje. Chanjo ikawa inaisha. Nilikuwa narudi Masasi, makato yananisubiri, na dereva wa bodaboda akanidokeza kuwa mfanyabiashara mmoja wa kutoka bara naye ameulizia pale. Labda ni kweli, labda alitaka chake haraka. Mimi nikaenda tena kwa mzee nikiwa na karatasi ya makubaliano, na mashahidi wawili niliowaokota mwenyewe. Mwenyekiti wa mtaa sikumwita. Nilisema tutampelekea baadaye, mambo yakishakuwa tayari.

Mzee akasema tungoje.

Hapo ulimi wangu ukafanya kazi uliyoizoea. Nina ulimi, nimekwisha kuambiwa kazini na nyumbani. Nikamwuliza, tena kwa kucheka, kama binti anavyomtania babaye.

"Baba, bati hili ameezeka nani?"

"Mimi."

"Na kisima amechimba nani?"

"Mimi, na vijana wangu wa lori."

"Basi unaomba ruhusa ya nini? Kwetu mwanaume akisema kwake, imesemwa. Kwani wewe mgeni hapa?"

Mashahidi wangu wakacheka. Mzee hakucheka. Aliinama, akaizima redio, akakaa akiitazama ile redio. Nilijua nimemgusa. Nilifurahi kwamba nimemgusa, hilo ndilo siwezi kulipamba. Nilikuwa nimeona kwenye wodi wanaume wanavyokubali sindano ukiwaambia waoga wanakataa.

"Lete hiyo karatasi," akasema.

Alisaini polepole, kwa mwandiko mzuri. Nikamhesabia pesa, akaziweka kwenye bahasha bila kuzihesabu tena, na jioni hiyohiyo nikasikia amezituma kwa dada yake. Mimi nikaandika kwenye kundi la simu kwamba nimefunga dili la kwanza. Nikapigiwa makofi.

Fundi akaanza kushusha mawe ya msingi. Nilikuwa Masasi, nikisubiri picha kwenye simu, nikimwuliza kila asubuhi wamefika wapi. Nilikuwa nimeshachagua rangi ya milango. Kisha siku moja ikaja simu ya mzee mwenyewe, sauti ya chini.

"Mwanangu, mama amerudi. Njoo."

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Ugomvi nauweza, nimekua na kaka wanne. Nilibeba karatasi yangu kwenye bahasha ya plastiki na kifungu cha sheria nilichotumiwa na yule bwana wa Dar es Salaam. Niliingia uani kwa kishindo.

Hakukuwa na ugomvi. Mikeka ilikuwa imetandikwa kivulini upande wa nyumba. Mama mwenyewe alikuwa ameketi, mwanamke mwembamba mwenye mikono iliyopasuka kwa utomvu wa korosho, dada zake wawili kando yake, na kaka yake, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo pia, kwenye kiti. Karibu na lango walikuwa wameweka benchi fupi kwa ajili yangu, benchi la wageni. Na juu ya benchi hilo, pembeni, alikuwa amekaa mzee.

Nilisimama kidogo. Nilidhani amekosa nafasi mkekani, lakini nafasi ilikuwepo. Nikaketi kando yake, na hapo ndipo swali langu la siku ile lilipojibiwa, bila mtu kufungua mdomo. Miaka yote ile, bati lile, kisima kile, na jambo lilipokuja la ardhi, alikaa na mimi langoni.

Kaka wa mama alianza kwa kunikaribisha. Akaniuliza habari za Masasi, habari za wagonjwa. Kisha akasema wao hawana neno na mimi, mimi nimetoka mbali. Kiwanja hiki kilikuwa cha bibi yao mzaa mama, kikaja kwa mama yao, kikaja kwa dada yake, kitakwenda kwa binti yake.

"Mkwe wetu alikuja hapa na baiskeli," akasema. "Tukampenda. Amejenga, ameezeka, tumeshukuru, na watoto wake ni watoto wetu. Angeuza hata korosho za mwaka mzima, tungekaa tukasema, tukamaliza. Lakini kisima? Watu wanaokunywa hapa unawajua wewe?"

Hakuwa ananiuliza mimi. Alikuwa anamwuliza mzee, na mzee alikuwa anatazama mawe yangu ya msingi.

Ndipo mama akanigeukia. Alizungumza taratibu, Kiswahili chake kina mwendo wa Kimakonde.

"Nesi, ulipofika siku ya kwanza, ulimkuta nani?"

"Nilimkuta mama jirani."

"Ukamwulizaje?"

"Nilimwuliza mwenye nyumba yupo."

"Akakujibuje?"

Ilibidi niseme. Mama jirani mwenyewe alikuwa palepale, ng'ambo ya uzio wake.

"Aliniambia mwenye nyumba yuko shamba."

"Basi," akasema mama.

Uso ulinichemka. Nimewahi kukemewa na madaktari mbele ya wagonjwa, nimewahi kuachwa na mume mtaa mzima ukijua, lakini aibu kama ile sikuwahi. Nikaanza kujieleza. Nikasema kwetu mila ni nyingine, kwetu ukitaka ardhi unamwona baba, ardhi ni ya wanaume. Akaniangalia kwa makini, si kwa kejeli, kwa kutaka kujua hasa.

"Kwenu mtoto wa kike hapewi kiwanja?"

"Hapewi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akageuka akawaambia dada zake kwa Kimakonde. Wakaguna wote watatu.

"Pole, mwanangu," akasema.

Heri angenitukana. Mwanamke niliyetaka kumnyang'anya kisima ndiye mtu wa kwanza maishani mwangu kunipa pole kwa yale masale niliyoyaona dirishani. Na mimi, niliyelilia haki hiyo tangu msichana, nilipofika mahali ambapo mwanamke anayo, nilimruka nikaenda kumtafuta mwanaume wa kuzungumza naye. Sikuona hivyo siku ile kwa maneno haya. Niliona tu kwamba natamani kuondoka.

Lakini hiyo siyo aibu yenyewe. Aibu yenyewe ilikuja baada ya hapo.

Kaka wa mama alimwuliza mzee mara moja tu: nani alikutuma? Mzee alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa limekaa kando yake kwenye benchi na bahasha ya plastiki. Angesema, nilikataa, nikasema tungoje, huyu binti akanisukuma, akanidhihaki mbele ya watu. Wangemwelewa. Wangekasirika, ila wangemwelewa, na labda mkeka ungesogezwa. Hakusema.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa na shida ya mpwa wangu."

Na mimi ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja, nilikuwa nayo mdomoni, nahisi mpaka leo ilipokuwa imekaa. Sikuisema kwa sababu mwenyekiti alikuwa amekwisha kudokeza kwamba mnunuzi hakuwa na kosa na atarudishiwa pesa yake. Nilikuwa nawaza makato. Nilikuwa nawaza kwamba nikisema nimemsukuma, wataniambia basi tugawane hasara. Nikaifunga bahasha yangu vizuri nikanyamaza, na wote wakaniona mgeni mwenye adabu.

Walirudisha yote. Wakangoja mnada, chama cha msingi cha ushirika kikawalipa, na pesa ya korosho ambazo mama yule alizipukuchua kwa mikono ile ikaja kwangu. Hata mawe walinilipa. Niliwaambia mawe waache, kaka yake akasema hapana, hawataki kitu cha mtu kwenye ua wao. Nilipokwenda kuchukua malipo, benchi lilikuwa limeondolewa na mzee hayupo. Amekwenda kwao, wakasema, kwa dada yake, kijiji kimoja kabla ya Ndanda. Nilijua maana yake. Amekwenda na nguo zake, redio na baiskeli, kama alivyokuja. Mtu wa umri ule. Hakuna aliyenitupia jicho baya. Mama aliniuliza kama nimekula.

Kwenye kundi la simu niliandika kwamba dili la kwanza limevunjika ila mtaji umerudi wote. Makofi yakamiminika tena, yale ya vikatuni. Yule bwana akatuma sauti maalumu kunipongeza. Akasema wenzangu wajifunze kwangu, kwamba katika biashara hii anayetoka bila kupoteza kitu ameshinda. Niliifuta ile sauti, kisha nikatafuta kiwanja kingine. Ndiyo, nilitafuta. Sitaki mtu anidhanie kwamba niliacha.

Nilikipata Mkomaindo, kidogo, chenye kibonde, kilichopimwa, kutoka kwa ndugu watatu ambao niliwakalisha wote chini pamoja na mama yao na mjomba wao na mwenyekiti, hadi wao wenyewe wakachoka na maswali yangu. Nilijenga vyumba viwili, kodi ya miezi sita ya hivyo ikajenga cha tatu, hadi vikawa sita vikizunguka ua, na bomba langu mwenyewe katikati. Chumba cha mwanzo nakaa mimi. Nimekuwa mwenye nyumba. Manesi wamepanga, wanafunzi wamepanga, na yule dalali aliyenicheka siku ya kwanza sasa ananiletea wapangaji na kunifutia kiti.

Ndiye aliyeniletea mlinzi wa ghala moja la korosho. Mtu mzima, mstaarabu, hana mke, alisema dalali kwenye simu, hana fujo, ana redio tu. Hata hapo sikushtuka. Nilitoka na ufunguo mkononi nikamkuta ameegemea baiskeli, shati limefungwa vifungo hadi shingoni.

Tuliangaliana. Mimi ndiye niliyetaka kukimbia.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Kumbe ni kwako."

Nikamfukuza dalali kwa kumtuma maji ya kunywa. Nikaongea haraka haraka, sijui nilisema nini, nadhani nilisema chumba achukue, asilipe kitu, akae atakavyo. Nikamwuliza kwa nini siku ile hakusema. Hakujifanya kutoelewa siku ipi.

"Niseme nini, mwanangu? Kwamba mtoto wa kike alinitania nikakasirika? Ningekuwa nimeondoka pale bila nguo."

Akasema mpwa wake amemaliza chuo. Akalisema hilo kwa furaha, akasahau hata tunazungumza nini. Kuhusu chumba akasema hapana, atalipa kama wengine.

"Nimekaa kwa watu maisha yangu yote," akasema. "Safari hii nilipe, nijue nimekaa."

Akachagua chumba cha mwisho, karibu na lango. Kilikuwepo kingine karibu na bomba, nikamwonyesha, hakukitaka.

Hulipa kabla ya wote. Hafulii nguo bombani wakati wengine wapo, na ndoo yake huijaza nusu, ingawa nimemwambia maji hayaishi hapa. Hayo nilidhani nitayazoea. Ila mwezi uliopita ghala lilichelewesha mishahara. Nilijua, mji mzima ulijua, na wala sikuwa namdai moyoni. Nilikuwa nimekaa barazani Jumapili, wapangaji wote wako uani wanafua, wanasuka, wanapika, na kila aliyepita mbele yangu aliniamkia kama mimi nilivyomwamkia yule kijana zamani. Mzee akatoka chumbani kwake. Amevaa shati lake zuri. Hakunifuata barazani. Akaenda kwanza hadi langoni, akasimama pale wanaposimama wageni, akabisha hodi ndani ya ua anaokaa.

Nilisema karibu, nikasogeza kiti. Hakukikalia. Alikuja kuomba siku chache za kodi, hilo tu, na kabla ya kuomba akafanya alichoona wenzake wote wanafanya. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwenye nyumba."

Nilikuwa na muda. Wanasema mambo haya hutokea ghafla, lakini mimi nilikuwa na muda wa kutosha wa kunyanyuka, kumshika mkono, kumwambia hapana, baba, mimi ndiye mwanao. Wapangaji wote walikuwa wananitazama wamwone mwenye nyumba atafanyaje.

"Marahaba," nikasema.